Ambulansi ya Mji Iwe Mkononi mwa Nani?

Kule kwetu Rutshuru, kabla ya gari kulikuwa na ingobyi. Ni machela ya kusuka, ndefu kama kikapu kilichonyooshwa, inafungwa kwenye miti miwili na watu wanne wanaiweka mabegani. Mgonjwa analala ndani amefunikwa blanketi, na wanaume wengine wanatembea pembeni wakingoja zamu yao ya kupokea. Hawa majirani zetu Wakiga, upande wa Kabale na Rukungiri, wanaiita engozi, na wao waliigeuza ikawa chama kabisa. Familia za kilima zinaandikwa, zinatoa mchango, zinatoa watu wa kubeba, na asiyetokea siku ya zamu anatozwa faini. Vyama hivyo vilibeba wagonjwa, vilibeba wajawazito, vilibeba na maiti. Barabara zilipofika havikufa. Hospitali ya Kisiizi ilipoanzisha bima yake ya afya mwaka 1996, haikwenda kuunda vikundi vipya, iliandikisha watu kupitia vyama vile vile vya engozi, juu ndivyo vilikuwa na daftari, mweka hazina na watu wanaoaminiana.

Ingobyi haikuwa na ubishi wa nani mwenyewe. Ubishi unakuja siku gari inapofika. Gari inataka mafuta, dereva, mshahara, matairi, namba ya simu, na mtu wa kutia sahihi. Hapa Nakivale tunausikia kila tukikaa watu watano: mmoja anasema ambulansi iwe ya serikali, mwingine anasema ya mashirika, mwingine anasema bora kampuni binafsi maana hao angalau wanapokea simu, na vijana wangu wanasema iwe yetu wenyewe. Kila mmoja ana sababu. Mimi nikaona badala ya kubishana hewani, nitafute mahali ambapo maneno haya yalishatokea na mwisho wake unajulikana. Nilipapata mbali sana, kwenye mji wa Pittsburgh, Marekani, miaka ya 1960 na 1970. Nimesoma habari hizi kidogo kidogo kwenye simu, usiku, bando ikiruhusu. Naziandika hapa kwa sababu nadhani zinatuhusu kuliko zinavyoonekana.

Pittsburgh ulikuwa mji wa viwanda vya chuma. Katikati yake kuna mtaa uko kwenye mlima, unaitwa Hill District, na hapo ndipo watu weusi wengi waliishi. Ulikuwa mtaa wa maduka, makanisa, vilabu vya muziki wa jazi. Mwaka 1956 tingatinga ziliingia sehemu ya chini ya mtaa, Lower Hill, zikabomoa. Mji ulitaka kujenga uwanja mkubwa wa michezo na maonyesho, na uwanja huo ulifunguliwa mwaka 1961. Watu wapatao 8,000 walihamishwa, na biashara zaidi ya 400 zikaondoka. Meya wa wakati ule aliitwa David Lawrence. Jina hilo likumbukeni, litarudi.

Sasa, mtu akiugua ghafla Pittsburgh miaka ile, nani alikuja? Polisi. Ile gari ya kubebea waliokamatwa ndiyo iliyobeba wagonjwa. Nyuma kulikuwa na machela ya turubai, mto, na dawa chache za huduma ya kwanza. Askari wawili wanakuinua, wanakuweka nyuma, wanafunga mlango, na wote wawili wanakaa mbele. Nyuma uko peke yako. Kama pumzi imekatika, imekatika. Na kwa watu wa Hill kulikuwa na jambo la pili: kuita polisi nyumbani kwako siyo kitu cha mchezo. Msomaji aliyewahi kuishi mjini bila karatasi nzuri hahitaji nimweleze. Unampima mgonjwa wako, unapima na wale watakaokuja, halafu unaamua kama utapiga simu ama utatafuta mtu mwenye gari.

Wala haikuwa Pittsburgh peke yake. Mwaka 1966 Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani kilitoa ripoti juu ya vifo vya ajali. Ilisema mwaka 1965 peke yake ajali ziliua watu 107,000 nchini, na kwamba karibu nusu ya huduma za ambulansi za nchi nzima ziliendeshwa na watu wa biashara ya mazishi, 12,000 hivi. Sababu ilikuwa rahisi: gari zao zilikuwa ndefu, mtu anaweza kulala. Yaani anayekuja kukuokoa ndiye huyo huyo atakayelipwa ukifa. Ripoti hiyo ilisema pia kwamba wataalamu waliorudi kutoka vita vya Vietnam waliona askari aliyejeruhiwa vitani ana nafasi nzuri ya kupona kuliko raia aliyegongwa na gari barabarani kwao.

Turudi kwa Lawrence. Baada ya umeya alikuwa gavana wa jimbo la Pennsylvania. Novemba 4, 1966 alikuwa kwenye mkutano wa kampeni, akaanguka jukwaani, moyo umesimama. Gari iliyokuja ni ya polisi, ile ile. Walimfikisha hospitali, moyo ukarudi, lakini ubongo ulikuwa umekaa bila hewa muda mrefu. Akafa Novemba 21. Mtu mkubwa kuliko wote mjini alibebwa kama mlevi wa Ijumaa usiku, na ni mji ambao yeye mwenyewe aliuongoza miaka kumi na mitatu. Sisemi hivi kwa kumcheka. Nasema kwa sababu mara nyingi tunafikiri huduma mbaya ni ya maskini tu, wakubwa wana yao. Kwenye dharura haiwi hivyo. Gari iliyo karibu ndiyo itakayokuja.

Kwenye hospitali alipopelekwa kulikuwa na daktari wa dawa za usingizi aliyeitwa Peter Safar. Alizaliwa Vienna, Austria, mwaka 1924, akakulia chini ya Wanazi na damu ya Kiyahudi upande wa mama, akahamia Marekani baada ya vita. Huyu ni mmoja wa watu waliounda ile njia ya kumrudisha mtu, ya kufungua koo, kupuliza hewa mdomoni na kukandamiza kifua, ambayo leo tunawafundisha watoto wa shule kwa doli la plastiki. Mwaka huo huo wa 1966 binti yake Elizabeth, bado mdogo, alikufa kwa pumu. Baba yake alikuwa safarini. Daktari anayejua kuliko wote namna ya kumrudishia mtu pumzi, mtoto wake alikosa pumzi. Safar alikuwa tayari anasema kwamba hospitali lazima itoke imfuate mgonjwa, na mtu wa kawaida anaweza kufundishwa kazi hiyo akiwa siyo daktari wala muuguzi. Alichokosa ni watu wa kuwafundisha.

Watu hao walitoka Hill. Kulikuwa na mfuko wa afya mjini, Maurice Falk Medical Fund, na mkuu wake Phil Hallen alitaka vitu viwili kwa pamoja: gari za kuwapeleka watu wa Hill hospitali, na kazi kwa vijana weusi waliokuwa hawana kazi. Hapo Hill kulikuwa na shirika la wenyeji, Freedom House Enterprises, lililokuwa linasukuma biashara na ajira za watu weusi. Lilikuwa na mradi wa kuzungusha mboga mitaani kwa gari. Hallen akaenda kwa Safar. Safar akasema sawa, lakini siyo ya kubeba tu, watu hawa watafundishwa tiba. Mwaka 1967 mafunzo yakaanza.

Waliochukuliwa ni akina nani? Hapa ndipo napenda kukaa kidogo. Walikuwa wanaume ambao mji ulikuwa umeshawaandika kuwa hawaajiriki. Wengine walikuwa wametoka vitani, wengine walikuwa na rekodi ya kufungwa, wengi hawakumaliza sekondari. Walisoma saa zipatazo 300: mwili wa binadamu unavyofanya kazi, moyo, kupumua, kuzalisha, kuendesha gari kwa hatari, na mazoezi hospitalini kwenyewe, mpaka chumba cha upasuaji na chumba cha maiti. Wasiokuwa na cheti cha sekondari walisaidiwa kukipata. Wakati ule dereva wa ambulansi sehemu nyingi za Marekani hakuhitaji kujua chochote zaidi ya kuendesha. Baadaye waliingia na wanawake.

Mwaka 1968, mwaka Martin Luther King alipouawa na Hill ikawaka moto, Freedom House Ambulance Service ilianza kazi. Mwaka wa kwanza iliitikia wito karibu mara 5,800, na Safar alihesabu maisha 200 yaliyookolewa. Ndani ya gari kulikuwa na vifaa vya kusaidia kupumua, na baadaye vya kupima moyo na kuushtua, na redio ya kuongea na daktari. Mhudumu alikaa nyuma na mgonjwa. Hilo tu, kukaa nyuma na mgonjwa, lilikuwa jambo jipya.

Kijana mmoja, John Moon, alikuwa mfanyakazi wa kusukuma vitanda hospitalini. Alikulia kwenye kituo cha yatima huko Atlanta. Siku moja aliwaona vijana wawili weusi wa Freedom House wakiingia na mgonjwa, wakitoa maelezo na madaktari wakiwasikiliza. Alikuwa hajawahi kuona watu wa rangi yake wakisikilizwa namna ile pale hospitalini. Akaacha vitanda akaenda kujiandikisha. Kwa sisi tunaofanya kazi na vijana, hiyo ni elimu kubwa kuliko semina kumi. Kijana hakushawishiwa na bango wala fulana. Aliona mwenzake anaaminiwa na kazi.

Mwaka 1972 matokeo ya utafiti yalionyesha kwamba wagonjwa mahututi waliobebwa na Freedom House walipata huduma sahihi kwa asilimia 89. Waliobebwa na polisi, asilimia 38. Namba hizo zilijulikana, na hapo ndipo matatizo yalipozidi, kitu ambacho mtu mgeni na siasa za mji anaweza kushangaa.

Mkataba wa Freedom House na mji ulikuwa wa Hill na sehemu chache za jirani. Mitaa ya watu weupe na wenye pesa iliendelea kubebwa na polisi. Watu wa mitaa hiyo wakaanza kuuliza: kwa nini wale wa Hill wana ambulansi nzuri na sisi tuna gari ya polisi? Wakati huo huo kulikuwa na wagonjwa weupe waliomkataa mhudumu mweusi asiwaguse, hata wakiwa wanakufa. Vyote viwili vilikuwa kweli kwa mara moja. Na swali la kwanza, mimi nasema, lilikuwa swali la haki. Kwa nini mgonjwa wa mtaa mwingine asipate kitu kizuri?

Meya mpya, Pete Flaherty, aliingia mwaka 1970. Alikuwa mtu wa kubana matumizi na hakupenda miradi ya mashirika binafsi inayolishwa na fedha za mji. Malipo ya mkataba yakawa ya kuchelewa na ya kupungua. Katikati ya mji ving'ora vya Freedom House vikawekewa mipaka, kwa hiyo ambulansi inakaa kwenye foleni kama muuza maji. Na simu, hapa sikilizeni vizuri, simu za dharura ziliingia kwa polisi. Freedom House ilikuwa na watu waliofundishwa kuliko wote, lakini anayepokea kilio cha mwananchi na kuamua gari gani iende alikuwa mtu wa idara nyingine, ambayo nayo ilikuwa na gari zake na heshima yake ya kulinda. Ilifika mahali wahudumu wanasikiliza redio ya polisi ili wajue ajali iko wapi, halafu wanakimbia wafike.

Nimefikiria sana habari hiyo ya redio. Tukibishana nani mwenyewe wa ambulansi tunatazama gari, tunatazama nembo ya mlangoni. Pale Pittsburgh nembo ilikuwa ya Freedom House. Lakini pesa ilikuwa kwa meya na simu kwa polisi. Mwenye pesa na mwenye simu ndio waliokuwa wanaendesha ambulansi, sema tu walikuwa hawapandi ndani.

Mwaka 1974 akaja daktari mwanamke, Nancy Caroline, umri wa miaka thelathini hivi, akawa mkuu wa tiba wa Freedom House. Huyu alipanda ndani. Alikwenda na gari usiku, aliongea na wahudumu kwenye redio saa zote, alirudia kila kesi na kuuliza kwa nini ulifanya hiki hukufanya kile. Serikali ya taifa ilipotaka mtaala wa kufundishia wahudumu wa dharura nchi nzima, Caroline ndiye aliyeandika, na wahudumu wa Freedom House ndio walikuwa darasa lake. Kitabu chake cha mafunzo kilitoka mwaka 1979 na mpaka leo kinachapishwa upya chini ya jina lake. Kwa hiyo mtoto wa kizungu anayesomea kazi hii leo huko Texas anasoma vitu vilivyojaribiwa kwenye ngazi za nyumba za Hill, na vijana walioshindwa sekondari. Nipitie kando kidogo: miaka ya 1980 Caroline alikuja huku kwetu Afrika ya Mashariki, akafanya kazi Nairobi na AMREF, kwa wale madaktari wa ndege. Sijui wazee wangapi wa hapa waliwahi kubebwa na ndege zile bila kujua daktari yule alitokea wapi.

Basi, mji ukaamua. Meya akatangaza kwamba Pittsburgh itakuwa na ambulansi zake yenyewe, mji mzima, chini ya idara ya mji. Freedom House ilifanya kazi mpaka Oktoba 15, 1975, ikafungwa.

Sasa wengi wakisimulia hapa wanasimamisha lawama: mji ulikula jasho la watu weusi. Ni kweli. Lakini mimi siendi nao mpaka mwisho. Mimi naona mji kuchukua ambulansi halikuwa kosa. Huduma ya kuokoa watu haiwezi kulala juu ya mfuko wa mfadhili ambaye mwaka kesho anaweza kubadilisha mambo anayoyapenda. Sisi wakimbizi nani atufundishe hilo? Tumeona chakula kinapunguzwa kwa sababu nchi fulani ya mbali imepiga kura. Na mtaa mmoja kuwa na ambulansi nzuri na mwingine kukosa, hata kama mtaa wenye bahati ni wa maskini safari hii, siyo mpango wa kudumu. Mji una kodi, mji una barabara, mji ndio utakaokuwepo miaka hamsini. Ulipe, na uwajibike.

Kosa lilikuwa namna ya kuchukua. Caroline alipigania wahudumu wa Freedom House waajiriwe na mji na timu zao zisivunjwe, na mji ukakubali. Wakaingia. Halafu timu zikavunjwa. Watu waliokuwa wamefanya kazi miaka saba waliwekwa chini ya watu wapya, weupe, waliokuwa na ujuzi mdogo kuliko wao. Ikaletwa mitihani, ya kufaulu ama kutoka, yenye mambo ambayo hawakupewa nafasi ya kuyasoma. Rekodi za zamani za polisi zikafunguliwa. Wengine waliachwa kubeba mabegi na kuendesha tu, wakati mgonjwa anashikwa na mtu anayesitasita. Haukuisha muda mrefu wengi wao walikuwa wameondoka, na ambulansi za Pittsburgh zikawa karibu za watu weupe watupu. Hakuna aliyesema tunawafukuza. Ilikuwa cheti, mtihani, fomu, utaratibu.

Hapo niliposoma niliweka simu chini. Maana hiyo naijua bila kwenda Marekani.

Hapa kwetu kuna kikundi cha vijana ishirini na mmoja ambacho nakisaidia, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, na Wasomali wawili. Wana machela tatu. Wamefundishwa huduma ya kwanza, siku chache chache, na mashirika tofauti, na kila mmoja ana vyeti vya karatasi nzito vyenye nembo nyingi. Kazi yao ni ile ya ingobyi: kumtoa mgonjwa kwenye nyumba ambazo gari haifiki, hasa mvua ikinyesha, kumfikisha barabarani. Wanajua njia zote. Wanajua mama yupi ana mimba ya miezi minane na mzee yupi anaanguka kifafa. Wanapewa buti, makoti ya mvua, na asante. Sawa, ni kujitolea, na hawalalamiki kwa hilo.

Lakini mwaka juzi shirika moja lilitangaza kazi ya mhudumu wa ambulansi, kazi ya mshahara. Vijana tisa waliomba. Wote walianguka kwenye karatasi ya kwanza. Cheti cha huduma ya kwanza cha mafunzo ya siku tano hakihesabiki. Diplome d'État ya Kongo lazima kwanza ipelekwe Kampala ilinganishwe na vyeti vya hapa, kwa ada yako na nauli yako, na wengine diploma zao ziliungua pamoja na nyumba. Waliochukuliwa walitoka mbali. Ni watu wazuri, mmoja ni rafiki yangu, hana baya. Ila miezi ya kwanza usiku alikuwa anawapigia simu vijana wa machela awaulize nyumba iko upande gani, na mgonjwa anasema nini, kwa sababu hajui Kinyarwanda wala Kiswahili. Wakaenda kumwelekeza. Bure.

Simlaumu anayetaka cheti. Sitaki mtu asiyejua kitu amchome mama yangu sindano. Safar mwenyewe hakuwalegezea wale wa Hill. Aliwapa saa 300 na aliyeshindwa alirudi nyumbani. Tofauti ni kwamba alianza na mtu, akamjengea njia mpaka kwenye cheti. Sisi tunaonyeshwa cheti kikiwa upande wa pili wa mto, halafu tunaambiwa mlango uko wazi.

Kwa hiyo nani aendeshe? Jibu langu siyo la kupendeza kwa vijana wangu, nimeshawaambia. Gari iwe ya serikali ya mahali, wilaya hapa kwetu, mji kule mjini, na pesa iwe kwenye bajeti siyo kwenye hisani. Mashirika yasaidie kununua na kufundisha, yasiwe wenye gari. Kampuni binafsi sizikatai, lakini kampuni itauliza kwanza nani analipa, na mgonjwa wa saa nane usiku hana jibu. Lakini wahudumu watoke pale pale gari inapofanya kazi, na haki yao iandikwe kabla ya makabidhiano. Baada ya makabidhiano hakuna wa kukusikiliza. Freedom House walikuwa na rekodi nzuri kuliko wote mjini, walikuwa na daktari mkali wa kuwatetea, walikuwa na namba za utafiti. Kitu walichokosa ni karatasi inayosema: hawa wakiingia wanaingia na vyeo vyao, na miaka yao inahesabika.

Moon alibaki. Alikaa ndani ya idara ile ile iliyowachuja wenzake, akapanda mpaka akawa naibu mkuu, akastaafu mwaka 2009, na kazi aliyoifanya kwa muda mrefu ilikuwa kuvuta vijana weusi waingie. Mmoja wa aliowalea kazini ni Amera Gilchrist, ambaye miaka ya karibuni amekuwa mkuu wa ambulansi za Pittsburgh, mwanamke mweusi wa kwanza kwenye kiti hicho. Mwenzake Moon wa Freedom House, Mitchell Brown, alienda kuwa mkuu wa usalama wa umma katika mji wa Columbus, Ohio. Kumbe wale wasioajirika walikuwa wanaweza kuongoza. Ilichukua zaidi ya miaka arobaini kiti cha juu Pittsburgh kirudi kwa mtu aliyepitia mikono yao. Sisi hatuna miaka arobaini ya kungoja, na wengine hatujui hata kama mwakani tutakuwa hapa, ama tumerudishwa, ama tumepelekwa Kanada.

Sasa inasemekana gari ya upande wetu itakabidhiwa wilaya. Tumekaa na mwenyekiti wa RWC na wazee wa vijiji, tukaandika barua ya ukurasa mmoja. Tumeomba vijana wa machela wanaotaka kazi hii wapewe mafunzo kamili kabla nafasi hazijatangazwa, siyo baada. Tumeomba miaka yao ya kubeba iandikwe kama uzoefu, kwa sahihi ya kituo cha afya. Tumeomba kamati ya mafuta iwe na mkimbizi mmoja na mwenyeji mmoja, maana hata majirani zetu Wanyankole wa huku wanakosa gari kama sisi. Na tumeomba ile simu ya dharura usiku ishikwe na mtu anayesikia Kiswahili na Kinyarwanda, na awe na namba ya Msomali mmoja wa kumwamsha. Vijana walikuwa wameliandika hilo la simu mwisho. Mzee mmoja wa Masisi, aliyebeba ingobyi ujana wake wote, akaomba kalamu akalipeleka juu, likawa namba moja.